Tokeni katika malipo ya kadi na simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye maduka ya mtandaoni, hoteli na kampuni za utalii, waandaaji wa programu, na mteja wa kawaida anayetaka kujua namba ya kadi yake inakwenda wapi akishabonyeza "Lipa". Ruka hadi swali linalokuhusu.

Tokeni ni nini hasa?

Ni namba au mfululizo wa herufi unaoshika nafasi ya namba halisi ya kadi. Namba ya kadi, mara nyingi tarakimu 16 ingawa zipo zinazofika 19, ina thamani popote duniani: aliye nayo pamoja na tarehe ya kuisha anaweza kujaribu kununua nayo kwenye maelfu ya maduka. Tokeni inafanya kazi pale tu ilipokusudiwa, yaani duka moja, simu moja, au mtoa huduma mmoja wa malipo. Ni kama kile kipande cha karatasi unachopewa ukikabidhi mzigo stendi ya basi: kampuni iliyokupa itakutolea begi lako, kwingine hakikupi chochote.

Namba halisi hukaa kwenye sefu ya tokeni, yaani hifadhidata iliyofungwa na kusimbwa, inayosimamiwa na mtandao wa kadi, benki au mtoa huduma wa malipo. Duka linabaki na tokeni, tarakimu nne za mwisho za kumwonyesha mteja ("Visa inayoishia 1111") na tarehe ya kuisha. Kwa duka, hayo yanatosha kutoza tena mwezi ujao, kurejesha fedha na kutoa risiti.

Inatofautianaje na kusimba data?

Kusimba ni kuigeuza namba kwa hesabu na ufunguo. Mwenye ufunguo anairudisha ilivyokuwa. Tokeni ya nasibu haina hesabu ya kuirudisha. Uhusiano wake na kadi upo kwenye jedwali ndani ya sefu tu, kwa hiyo aliyeiba tokeni milioni moja bila jedwali hana cha kukokotoa hata akiwa na kompyuta kubwa kiasi gani.

Hivi viwili havishindani. Data ndani ya sefu husimbwa, na mawasiliano kati ya ukurasa wa malipo na sefu husimbwa pia. Ipo vilevile mifumo isiyo na jedwali, inayotengeneza tokeni kwa algorithimu kama FF1 ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), ambayo huitoa namba ya tarakimu 16 ikiwa bado na tarakimu 16. Hiyo ni kusimba kwa sura ya tokeni. Ina kasi na haihitaji sefu kubwa, lakini ufunguo ukivuja zimevuja zote kwa mpigo. Mwuzaji wa mfumo akikwambia "hatuna sefu", muulize ufunguo unakaa wapi. Jibu zuri ni kifaa maalumu cha kutunza funguo. Jibu baya ni faili la mipangilio kwenye seva.

Je, ni sawa na tokeni ya umeme?

Hapana. Ile ya LUKU au ya stima ni tarakimu 20 zenye agizo lililosimbwa, na mita yako ina ufunguo wa kulifungua. Tokeni ya malipo haibebi kitu ndani yake.

Kwa nini nisitumie heshi tu? Nayo hairudishwi nyuma.

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kwa waandaaji wa programu makini kabisa, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Heshi ni alama ya urefu maalumu inayokokotolewa kutoka kwenye data. Heshi kama SHA-256 hairudishwi nyuma pale ambapo kilichoheshiwa hakikisiki. Namba ya kadi inakisika. Tarakimu sita za mwanzo zinatambulisha benki na zinajulikana hadharani. Nne za mwisho umezihifadhi mwenyewe pembeni ya heshi ili umwonyeshe mteja. Zinabaki sita za katikati, yaani uwezekano 1,000,000. Tarakimu ya mwisho ya kadi ni ya ukaguzi kwa kanuni ya Luhn, hivyo tisa kati ya kila kumi zinaanguka na kubaki 100,000. Kadi ambayo utambulisho wa benki ni tarakimu nane inabaki na uwezekano 1,000 tu. Kompyuta ndogo ya kawaida inaheshi zote hizo kabla hujainua kidole kwenye kibodi.

Namba za simu ni dhaifu vilevile. Namba za Kenya zinazoanza na 07 haziwezi kuzidi milioni 100. Aliyepata jedwali lako la heshi anaheshi zote, analinganisha, na baada ya dakika chache ana orodha ya wateja wako. Chumvi (data ya ziada inayochanganywa na namba kabla ya kuheshi) moja iliyoandikwa ndani ya programu haisaidii ikiwa programu yenyewe imeibwa.

Ndiyo maana PCI DSS, kanuni za usalama za sekta ya kadi, tangu toleo la 4.0 zinataka heshi ya namba ya kadi iwe na ufunguo wa siri unaotunzwa kwingine. Sharti hilo lilianza kubana tarehe 31 Machi 2025. Heshi yenye ufunguo inafaa kutafutia mteja ndani ya hifadhidata. Kumtoza mteja unahitaji tokeni.

Nasikia tokeni za lango la malipo, tokeni za mtandao wa kadi, tokeni za kifaa. Ipi ni ipi?

Tokeni ya lango hutolewa na mtoa huduma wako wa malipo na inaeleweka kwake peke yake. Ukimtoza mteja, mtoa huduma anafungua sefu, anachukua namba halisi na kuituma benki. Yaani kuanzia kwake kwenda mbele, namba halisi bado inasafiri.

Tokeni ya mtandao hutolewa na Visa, Mastercard na wenzao kwa mfumo uliowekwa na EMVCo (chombo cha viwango cha mitandao ya kadi), ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014. Yenyewe ina sura ya kadi, tarakimu 16 zinazopita kanuni ya Luhn, na inasafiri hivyohivyo hadi kwenye mtandao wa kadi. Huko ndiko hubadilishwa kuwa namba halisi na kupelekwa benki iliyotoa kadi. Imefungwa kwa aliyeiomba: tokeni iliyotolewa kwa duka fulani ikitumika kwingine inakataliwa. Na mteja anapolipa mwenyewe, huambatana na kriptogramu, msimbo wa muamala huo mmoja.

Tokeni ya kifaa ni ya mtandao pia, ila imefungwa kwa simu au saa moja. Simu yako na saa yako zenye kadi ileile zina tokeni mbili tofauti.

Kwa duka dogo, ya lango inatosha. Ukiwa na wateja wengi wanaolipia usajili kila mwezi, omba ya mtandao. Sababu zimo kwenye swali la kadi iliyobadilishwa.

Nikigusisha simu kwenye mashine, ni nini kinatokea?

Kazi kubwa ilishafanyika siku ulipoongeza kadi. Simu ilisoma namba, ikaisimba na kuituma kwa huduma ya tokeni ya mtandao wa kadi. Mtandao uliiuliza benki yako, na benki ikajibu moja kati ya matatu: kubali, kubali baada ya uthibitisho (OTP yaani msimbo wa matumizi ya mara moja, simu, au kuingia kwenye programu ya benki), au kataa. Ikikubali, tokeni na ufunguo wake vinateremshwa kwenye simu. Kwenye iPhone hukaa ndani ya chipu maalumu iliyotengwa na mfumo mwingine, na namba halisi ya kadi haihifadhiwi kwenye simu wala kwenye seva za Apple.

Dukani mambo huenda hivi:

1. Unafungua kwa uso, kidole au namba ya siri.
2. Simu inaipa mashine tokeni, tarehe ya kuisha ya tokeni, kaunta inayoongezeka kila muamala, na kriptogramu iliyokokotolewa kwa ufunguo wa simu pamoja na taarifa za malipo hayo.
3. Mashine inavipeleka kwa benki ya mfanyabiashara, nayo inavipeleka kwa mtandao wa kadi.
4. Mtandao unakagua: kriptogramu ni sahihi? Kaunta imesogea? Tokeni hii ni ya simu kweli, au mtu anaitumia mtandaoni? Vikipita, unabadilisha tokeni kuwa namba halisi.
5. Benki yako inaona kadi yako, inaangalia salio na kujibu. Jibu linarudi dukani likiwa na tokeni.

Mwenye duka hajaiona namba yako hata kwa sekunde moja. Aliyenasa mazungumzo ya hatua ya 2 ana kriptogramu iliyokwisha kutumika.

Simu inahitaji intaneti wakati wa kulipa?

Kwenye simu inayoweka ufunguo ndani ya chipu, hapana. Simu nyingi za Android hutumia njia ya programu iliyokuja na Android 4.4: hupewa funguo chache za matumizi machache, zikiisha hupewa nyingine. Zinalipa bila intaneti mara kadhaa, kisha zinagoma hadi ziunganishwe. Muuzaji akiona simu ya mteja imekataa wakati salio lipo, amwombe awashe data kwa dakika moja na ajaribu tena.

Kadi ya plastiki ya kugusisha nayo inatumia tokeni?

Kwa kawaida hapana. Chipu yake hutuma namba halisi pamoja na kriptogramu ya muamala huo. Ile CVV ya tarakimu tatu nyuma ya kadi haitumwi, kwa hiyo aliyeisoma kadi yako kwa kifaa ndani ya daladala hawezi kutengeneza kadi nyingine ya kugusisha, na maduka mengi ya mtandaoni yatamkataa kwa kukosa CVV. Mengi, ila si yote. Kwa hilo simu inailinda namba yako kuliko plastiki.

M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas zinahusikaje? Hakuna kadi hapo.

Hakuna namba ya kadi ya kuiba, na PIN huingizwa kwenye menyu ya simu ya mteja mwenyewe, mbali na tovuti ya muuzaji. Huo ni ulinzi mzuri tangu mwanzo. Tatizo lake ni kwamba akaunti na namba ya simu ni kitu kimoja. Namba hiyohiyo ndiyo ya WhatsApp, ndiyo inayopokea OTP ya benki, ndiyo wanayoipigia matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Muuzaji akiwa na jedwali la majina, namba za simu na kiasi kilicholipwa, ana orodha ambayo tapeli angeilipia.

Safaricom ilishaanza kuficha namba za wateja kwenye taarifa za malipo zinazorudi kwa wafanyabiashara kupitia Daraja, jukwaa lake la kuunganisha programu na M-Pesa: mfumo wa muuzaji hupata namba iliyofunikwa katikati. Waandaaji wa programu waliotumia namba ya simu kama utambulisho wa mteja walikwama. Somo ni la kiufundi: mtambue mteja kwa namba ya kumbukumbu uliyompa wewe unapoanzisha malipo, na ulinganishe kwa namba ya muamala. Namba ya simu iwe njia ya kumfikia, isiwe jina lake ndani ya mfumo.

Basi ninawezaje kutengeneza tokeni za namba za simu kwenye mfumo wangu?

Kwanza linganisha umbo. 0712…, +255712… na 255712… ni mtu mmoja. Ukisahau hatua hii, mteja mmoja anapata tokeni tatu, na ripoti yako itasema una wateja wengi kuliko ulio nao. Ondoa nafasi, alama ya kujumlisha na sifuri ya mwanzo, weka msimbo wa nchi, kisha hakikisha urefu ni tarakimu 12 kwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Kisha tengeneza tokeni ya nasibu ya biti 128 kwa jenereta ya nasibu ya kiusalama, si ile ya kawaida ya lugha ya programu, wala si namba zinazofuatana. Weka jedwali la tokeni na namba kwenye hifadhidata ya peke yake, yenye akaunti yake ya kuingilia, na namba zikiwa zimesimbwa. Ili kujua kama mteja tayari ana tokeni, weka safu ya heshi yenye ufunguo (HMAC) na utafute kwa hiyo; ufunguo ukae kwenye huduma ya kutunza funguo, nje ya hifadhidata.

Mwisho, amua nani anaruhusiwa kugeuza tokeni kuwa namba. Idara ya mauzo haihitaji, wachambuzi hawahitaji, ripoti ya mwezi haihitaji. Inayohitaji ni huduma ya kutuma SMS na ile ya kuanzisha malipo, na mtu wa huduma kwa wateja kwa mteja mmoja mmoja. Kila ugeuzaji uandikwe: nani, lini, tokeni ipi. Weka kikomo, kwa mfano maombi 50 kwa saa kwa kila mfanyakazi, na kengele ikivukwa. Sefu inayomjibu kila anayeuliza, tena bila kikomo, haijalinda kitu.

Ukitengeneza tokeni za tarakimu kwa ajili ya kadi, zifanye zisipite kanuni ya Luhn. Hapo programu ya kusaka namba za kadi zilizovuja haitazichanganya na kadi halisi.

Kadi pepe ya mtandaoni ya M-Pesa ni tokeni?

Si tokeni, ni kadi kamili yenye namba yake, kama M-PESA GlobalPay ya Visa iliyozinduliwa Kenya mwaka 2022. Ina faida inayokaribiana: namba yake si ya kadi yako ya benki, na CVV yake hubadilika. Lakini ukiihifadhi kwenye duka la mtandaoni, duka hilo nalo linapaswa kuibadilisha kuwa tokeni kama kadi nyingine yoyote.

Mfumo wangu ukivamiwa, mwizi anapata nini?

Inategemea amechukua nini kingine. Tokeni za lango peke yake hazimfai. Tokeni pamoja na ufunguo wako wa siri wa API (unaoruhusu programu yako kutoa maagizo kwa mtoa huduma) ni habari nyingine: anaweza kutoza wateja wako kupitia akaunti yako au, kwenye malango yanayoruhusu kutuma fedha nje, kujilipa. Na ufunguo huo ndio unaokutwa kwenye faili la mipangilio lililopandishwa kwa bahati mbaya kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi.

Kwa hiyo: ufunguo wa siri ukae kwenye seva tu, usiwemo kamwe ndani ya programu ya simu. Weka orodha ya anwani za IP zinazoruhusiwa. Tenganisha ufunguo wa kutoza na wa kurejesha fedha pale mtoa huduma anaporuhusu. Ubadilishe kila anapoondoka mfanyakazi aliyekuwa anaujua.

Duka langu linatumia tokeni. Bado namba za kadi zinaweza kuibwa?

Ndiyo, kabla hazijawa tokeni. Mwaka 2018 wavamizi waliweka hati fupi ya JavaScript kwenye tovuti ya British Airways, ikawa inanakili kila alichoandika mteja kwenye fomu ya malipo na kukituma kwao. Zaidi ya wateja 400,000 waliguswa, na mwaka 2020 mamlaka ya data ya Uingereza ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Sefu ya namna yoyote isingesaidia hapo, kwa sababu namba ziliibwa zikiwa bado mlangoni.

Kinga ni kuamua namba inaandikwa wapi. Njia salama kuliko zote ni kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa mtoa huduma, au kuweka fomu ya mtoa huduma ndani ya ukurasa wako kwa fremu, ili hati za tovuti yako zisiweze kusoma kilichoandikwa. Fomu ikiwa yako na namba zikipita kwenye seva yako, hata kwa nusu sekunde, umeingia kwenye dodoso refu la PCI DSS lenye masharti zaidi ya mia mbili. Kwa duka dogo hakuna sababu ya kujitwisha mzigo huo. Na hata ukitumia fremu, punguza hati za wengine kwenye ukurasa wa malipo: vidude vya mazungumzo, vya takwimu na vya matangazo havina kazi pale.

Hoteli yetu hupokea namba za kadi kwa WhatsApp na barua pepe. Tufanyeje?

Acheni, na mwanzie leo. Hili tunalisema kwa hoteli za Zanzibar, kampuni za safari za Arusha na za Nairobi kwa pamoja: picha ya kadi pande zote mbili ndani ya simu ya mapokezi ni namba, tarehe na CVV kwa pamoja, na inanakiliwa kwenye hifadhi ya wingu ya mfanyakazi bila yeye kujua. Akiondoka kazini, anaondoka nayo.

CVV hairuhusiwi kuhifadhiwa baada ya idhini ya malipo kupatikana, hata ikiwa imesimbwa, hata kwenye karatasi. Hakuna msamaha wa "tunaiweka mpaka mgeni afike".

Badala yake tumieni kiungo cha malipo. Mgeni anafungua, anaweka kadi kwenye ukurasa wa mtoa huduma, nanyi mnapata tokeni ya kutozea amana sasa na salio baadaye, kwa idhini aliyoitoa kwa maandishi. Mgeni akituma picha bila kuombwa, mjibuni kwa kiungo, futeni picha kwenye mazungumzo, kwenye matunzio ya simu na kwenye nakala ya akiba, na msimjibu kwa kunukuu ujumbe wake wenye namba.

Kadi ya mteja ikiisha muda au ikibadilishwa, tokeni inakufa?

Tokeni ya lango imeshikilia namba ya zamani, hivyo malipo ya mwezi yatakataliwa mpaka mteja aweke kadi mpya, isipokuwa mtoa huduma wako ana huduma ya kusasisha kadi. Tokeni ya mtandao benki huiunganisha na kadi mpya, na mteja anaendelea bila kuguswa. Kwa biashara ya usajili tofauti hiyo ni mapato.

Tarakimu nne kwenye risiti si za kadi yangu. Nimeibiwa?

La. Ukilipa kwa simu, risiti huonyesha tarakimu za mwisho za tokeni ya kifaa. Ziangalie kwenye maelezo ya kadi ndani ya pochi ya simu yako.

Wafanyabiashara nao wajue hili wakati wa kurejesha fedha. Mteja aliyelipa kwa simu akija na plastiki, mashine itaiona kama kadi nyingine. Mwambieni agusishe simu ileile, au mtafute muamala kwa kiasi, saa na namba ya idhini. Mifumo mikubwa hutumia utambulisho wa akaunti wa EMVCo, herufi 29 zinazounganisha kadi na tokeni zake zote bila kufichua namba na bila kuweza kulipia.

Nimepoteza simu. Lazima nibadilishe kadi?

Si lazima. Funga simu kwa mbali kupitia huduma ya Apple au Google, kisha piga benki waisitishe tokeni ya kifaa hicho. Plastiki inaendelea kufanya kazi, na simu ikipatikana tokeni inaamshwa. Laini ya simu ni suala jingine na ndilo la haraka zaidi kwetu: mpigie mtandao wako azuie laini na akaunti ya pesa, kwa sababu OTP zote zinaingia huko.

Ni wizi gani ambao tokeni haizuii?

Ule unaopitia siku ya kuongeza kadi. Tapeli ana namba ya kadi yako, ameipata kwa ukurasa bandia wa kupokea mzigo au wa faini. Anaiweka kwenye simu yake. Benki inakutumia OTP. Anakupigia akijifanya ni mtu wa benki, anaiomba, unaisoma. Sasa simu yake ina tokeni halali ya kadi yako, na kila malipo yake yana kriptogramu sahihi. Mfumo mzima unafanya kazi kama ulivyopangwa, kwa manufaa ya mwizi.

Soma ujumbe wa OTP mpaka mwisho. Ukisema unaongeza kadi kwenye pochi ya simu na wewe huongezi, kuna mtu anaongeza.

Ikishatokea, kuomba kadi mpya pekee kunaweza kusitoshe. Tulisema tokeni ya mtandao huunganishwa na kadi mpya. Hiyo ni neema kwa mlipaji wa usajili na balaa hapa, kwa kuwa tokeni ya tapeli nayo inaweza kuhamia kwenye kadi mpya. Mwambie mhudumu wa benki maneno haya: "Naomba mnisomee vifaa vyote vilivyounganishwa na kadi hii, na mfute tokeni zote nisizozitambua." Benki nyingi zina skrini ya kuonyesha hilo.

Benki kwa upande wao wanaweza kuachana na OTP ya SMS katika hatua hii na kumtaka mteja aidhinishe ndani ya programu ya benki. Tunaona hiyo ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko nyingine zote.

Kisheria, tokeni ni taarifa binafsi?

Kwa anayeweza kuirudisha kwa mtu, ndiyo. Kubadilisha namba kuwa tokeni hakukuondoi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inapunguza madhara ya uvujaji, na hilo lina uzito mkubwa unapotoa taarifa. Kenya inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale uvujaji unapoleta hatari ya madhara kwa mhusika.

India ilikwenda mbali zaidi: tangu 1 Oktoba 2022 maduka hayaruhusiwi kuhifadhi namba za kadi kabisa, na tokeni ndiyo njia ya kuweka kadi kwa malipo ya baadaye.

Nikitaka kuhama mtoa huduma wa malipo, tokeni zangu zinahama?

Tokeni zenyewe hapana. Zinazohama ni namba zilizo nyuma yake. Mtoa huduma wa zamani hutuma faili lililosimbwa moja kwa moja kwa mpya, wote wakiwa na uthibitisho wa PCI DSS, kisha mpya anakupa jedwali la tokeni ya zamani na ya sasa. Wewe huigusi namba. Hakikisha kifungu hicho kimo kwenye mkataba kabla ya kusaini, pamoja na muda na gharama. Bila hicho, kuhama kunamaanisha kuwaomba wateja wote waweke kadi upya, na wengi hawatarudi.

Nimekuta namba za kadi kwenye hifadhidata ya zamani. Nianzie wapi?

Anza kwa kuangalia kama kuna dalili za uvamizi: akaunti usizozijua, maswali makubwa ya hifadhidata usiku, data iliyotoka nje. Zikiwepo, usifute kitu. Tenga seva, hifadhi kumbukumbu zake, piga benki yako ya biashara siku hiyohiyo.

Kama hakuna dalili, ziba chanzo kwanza. Kufuta namba za jana wakati fomu bado inaingiza za leo ni kazi bure. Chanzo mara nyingi si jedwali la malipo, ni logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo: mwandaaji wa programu aliandika ombi zima kwenye logi wakati wa majaribio, na halikuondolewa.

Kisha saka. Tafuta mfululizo wa tarakimu 13 hadi 19, zenye nafasi au vistari au bila, na upitishe kila moja kwenye kanuni ya Luhn: kuanzia kulia, zidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili, zao likizidi 9 toa 9, jumlisha zote, jumla ikigawanyika kwa 10, huenda ni kadi. Namba ya majaribio 4111 1111 1111 1111 inatoa 30. Saka kwenye logi, nakala za akiba, faili za Excel, viambatisho vya barua pepe, tiketi za huduma kwa wateja, rekodi za simu, na kompyuta za waandaaji wa programu waliopakua hifadhidata kwa ajili ya majaribio.

CVV zifutwe mara moja. Namba za wateja ambao bado unawatoza zipelekwe kwa mtoa huduma kwa utaratibu wake wa kuingiza kwa wingi, akurudishie tokeni, zilizobaki zifutwe. Nakala za akiba usizoweza kuzihariri zipe tarehe ya kuharibiwa na mtu mmoja wa kuthibitisha kwa maandishi kwamba zimeharibiwa. Rudia msako baada ya siku 30, na uanze na logi.